Ushahidi na Ushuhuda: Hoja za Wakristo dhidi ya Mafundisho ya Wamormoni na Namna Zinavyojibiwa kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Mabishano ya kidini katika miji ya mashariki ya Kongo aghalabu huendeshwa kwa Kiswahili, hata pale ambapo vitabu vilivyoyazusha viliandikwa kwa Kiingereza na kufika huku kwa Kifaransa. Jambo hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mwanafunzi wa theolojia wa Bunia husoma hoja darasani kwa Kifaransa, kisha jioni humweleza shangazi yake hoja ile ile kwa Kiswahili. Katika kuvuka huko, hoja hupungukiwa na baadhi ya nguvu zake, na pengine hupata nguvu nyingine ambazo mtungaji wake hakuzikusudia.

Makala haya yanachunguza hoja ambazo Wakristo wa makanisa ya kawaida huzitoa dhidi ya mafundisho ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani kanisa linalojulikana na wengi kwa jina la Wamormoni, pamoja na majibu yanayotolewa. Nia si kuamua nani mshindi. Nia ni kuonyesha hoja hizo zimejengwaje, zinajibiwaje, na ni maneno gani ya Kiswahili yanayobeba mzigo wake.

Kuhusu jina, hapana budi kutanguliza tahadhari. Tangu mwaka 2018 viongozi wa kanisa hilo wameomba waumini na watu wengine waache kutumia jina "Mormoni" na badala yake watumie jina kamili. Katika makala haya jina "Wamormoni" linatumika pale tu linapotajwa kama lilivyo katika vinywa vya wapinzani wao na katika mada yenyewe. Kwingineko wataitwa Watakatifu wa Siku za Mwisho.

2. Historia kwa ufupi

Kanisa hilo lilianzishwa na Joseph Smith tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, Marekani, majuma machache baada ya Kitabu cha Mormoni kuchapishwa huko Palmyra. Smith alieleza kwamba malaika aitwaye Moroni alimwonyesha mabamba ya dhahabu yenye habari za watu wa kale wa Amerika, naye akayatafsiri kwa uwezo wa Mungu. Aliuawa na kundi la watu wenye hasira huko Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844.

Nchini Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, kanisa hilo lilitambuliwa rasmi mwaka 1986. Kitabu cha Mormoni kilitoka kwa Kiswahili mwaka 2000. Hekalu la Kinshasa liliwekwa wakfu tarehe 14 Aprili 2019, na la Nairobi mwaka 2025. Nguvu za kanisa hilo nchini ziko Kinshasa, Katanga na Kasai kuliko Ituri. Hata hivyo, familia za Bunia zina ndugu Kinshasa, Lubumbashi, Kampala na Nairobi, na mafundisho husafiri pamoja na ndugu.

Udongo ambao mafundisho hayo yanaukuta Ituri ulikwisha limwa na wengine. Misheni ya Africa Inland ilifika Kasengu, karibu na Mahagi, mwaka 1912, na matunda yake ni jumuiya inayoitwa leo CECA 20. Kanisa Katoliki nalo lina mizizi mirefu. Bunia yenyewe ina Chuo Kikuu cha Shalom, kilichoanza mwaka 1961 kama shule ya theolojia ya makanisa ya kiinjili. Kwa hiyo mwenyeji wa Bunia anayesikia habari za Joseph Smith kwa mara ya kwanza si mtu asiyeijua Biblia. Aghalabu anaijua vizuri, na ana kanisa lililombatiza.

3. Maana ya utetezi wa imani

Kile kinachoitwa apolojetiki katika vitabu vya theolojia huitwa kwa Kiswahili "utetezi wa imani". Asili yake ni neno la Kiyunani lililotumika mahakamani, yaani maneno ya mshtakiwa anayejitetea. Waraka wa Kwanza wa Petro (3:15) unamtaka muumini awe tayari kumjibu kila amwulizaye, tena kwa upole. Basi kwa asili yake utetezi ni jibu la anayeulizwa. Lakini katika matumizi, hasa kuhusu makanisa mapya, mtetezi mara nyingi ndiye anayeshtaki. Kitabu cha Walter Martin juu ya madhehebu aliyoyaita ya uzushi, kilichotoka mwaka 1965, kilieneza mtindo huo duniani kote, na wahubiri wengi wa Afrika wanatumia hoja zake bila kujua zilikotoka.

Hoja zenyewe zinaweza kugawanywa katika mafungu matatu: hoja za maandiko, hoja za historia, na hoja za maisha.

4. Hoja za maandiko

Hoja ya kwanza huhusu kitabu kingine. Mtetezi hufungua Wagalatia 1:8, ambapo Paulo anaonya hata juu ya malaika atakayeleta injili nyingine, kisha Ufunuo 22:18, panapokatazwa kuongeza maneno. Moroni, asema, ndiye malaika huyo, na kitabu chake ndicho nyongeza hiyo. Jibu ni kwamba katazo kama hilo liko pia katika Kumbukumbu la Torati 4:2. Kama lingekuwa na maana ya kufunga maandiko yote, manabii wote waliofuata baada ya Musa wangekuwa na hatia. Katazo la Ufunuo, basi, linahusu kitabu cha Ufunuo. Watetezi walio makini hukubali jibu hili na kuiacha aya ya Ufunuo. Hubaki na Wagalatia, wakisema kwamba swali halisi si wingi wa vitabu bali ni kama ujumbe ni ule ule.

Hoja ya pili huhusu ukengeufu. Watakatifu wa Siku za Mwisho hufundisha kwamba baada ya mitume mamlaka ya ukuhani yaliondoka duniani, yakarudishwa kwa Joseph Smith. Mtetezi hujibu kwa Mathayo 16:18, penye ahadi kwamba kanisa halitashindwa. Upande wa pili hutaja 2 Wathesalonike 2:3, panapotabiriwa ukengeufu, na Matendo 3:21, panapotajwa kurejeshwa kwa mambo yote. Hapa Mkatoliki na Mprotestanti wa Bunia hawasimami mahali pamoja. Mkatoliki husema mamlaka hayakukatika kamwe, kwa kuwa askofu huwekewa mikono na askofu. Mprotestanti, ambaye naye huamini kwamba kanisa lilipotoka likahitaji matengenezo, hulazimika kueleza tofauti kati ya kutengeneza na kurejesha: atengenezaye hukuta nyumba ingali imesimama, lakini arejeshaye husema nyumba ilikuwa imekwisha anguka. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja, na isipoelezwa Mprotestanti hujikuta akitumia silaha inayomgeukia mwenyewe.

Hoja ya tatu, iliyo nzito kupita zote, huhusu Mungu mwenyewe. Makanisa yanayofuata Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 hukiri Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Watakatifu wa Siku za Mwisho hufundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu walio mbalimbali, wenye umoja wa nia na kazi, na kwamba Baba ana mwili (Mafundisho na Maagano 130:22). Mtetezi hutaja Isaya 43:10 na 44:6, pamoja na Yohana 4:24. Jibu huletwa kwa Matendo 7:55–56, ambapo Stefano anamwona Yesu mkono wa kuume wa Mungu, na kwa Yohana 17:21, ambapo Yesu anawaombea wanafunzi wawe na umoja kama ule alio nao na Baba. Wanafunzi, wasema, hawakugeuka kuwa mtu mmoja. Basi umoja wa Baba na Mwana ni wa namna hiyo hiyo.

Kiswahili hufanya nini hapa? Kwanza, hutenganisha wazi "mmoja" na "umoja". La kwanza ni neno la hesabu, na la pili, kwa kiambishi u-, ni jina la hali. Msikilizaji wa Kiswahili hufahamu upesi kwamba watu kumi wanaweza kuwa na umoja bila ya kuwa mmoja. Kwa hiyo maelezo ya Watakatifu wa Siku za Mwisho huingia masikioni kwa urahisi, ilhali maelezo ya Nikea, yanayodai yote mawili kwa pamoja, huhitaji mwalimu. Urahisi wa kueleweka, lakini, si uthibitisho wa ukweli. Ni jambo la lugha tu.

Pili, neno "nafsi" lina asili ya Kiarabu na maana yake hugusa roho, mtu mwenyewe na ubinafsi. Kanisa lilipolichagua liliepuka neno "mtu", kwa kuwa "watu watatu" kungekuwa kosa la wazi. Mwanafunzi anayetafsiri haraka kutoka Kifaransa, ambamo neno la Nafsi na neno la mtu ni moja, huweza kulirudisha kosa hilo bila kujua. Upande wa pili una hatari yake pia. Anayetaka kusema kwamba Baba na Mwana ni wawili walio hai kila mmoja kwa nafasi yake, akachukua neno "viumbe", atakuwa amesema asilolikusudia, maana kiumbe ni kilichoumbwa. Mabishano kadhaa makali huzaliwa na neno hilo moja, kabla ya fundisho lenyewe kufikiwa.

5. Hoja za historia

Fungu hili huacha Biblia na kuuliza kama mambo yaliyosimuliwa yalitokea. Kitabu cha Mormoni hutaja farasi na chuma cha pua katika Amerika ya kale, vitu ambavyo wachimbuzi wa mambo ya kale hawajavikuta katika nyakati na hali inayotajwa. Jibu mojawapo ni la kiisimu: huenda mnyama mwingine aliitwa kwa jina la farasi, kama watu wanavyoita kitu kigeni kwa jina la kitu wanachokijua. Jibu hili lisidharauliwe. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukuta "mbwa mwitu" mahali ambapo asili inamtaja mnyama mwingine wa jamii ya mbwa, asiyeishi katika nchi zetu. Jina limehamishwa, na hakuna anayesema Biblia imedanganya. Lakini mlinganisho huo una mpaka. Katika Biblia maandishi ya Kiyunani yapo, na yeyote anayejua lugha hiyo aweza kuyalinganisha na tafsiri. Mabamba ya dhahabu hayapo, kwa kuwa inasimuliwa kwamba malaika aliyachukua. Kwa hiyo anayedai kuhama kwa jina hana pa kukionyesha kilichohama.

Kuna sehemu moja ambayo asili ipo, na hiyo ndiyo hoja ya historia iliyo imara zaidi. Mwaka 1835 Joseph Smith na wenzake walinunua maiti zilizokaushwa za Misri pamoja na mafunjo. Kutoka humo alitoa maandishi yanayoitwa Kitabu cha Ibrahimu, yaliyochapishwa mwaka 1842. Vipande vya mafunjo hayo, vilivyodhaniwa kuwa vimeteketea kwa moto huko Chicago mwaka 1871, vilionekana katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, vikarudishwa kwa kanisa mwaka 1967. Wataalamu wa lugha ya Misri ya kale walivisoma na kukuta ni maandishi ya maziko, yasiyomtaja Ibrahimu. Kanisa lenyewe, katika maelezo lililoyatoa mwaka 2014, lilikubali kwamba maandishi ya vipande hivyo hayalingani na tafsiri. Majibu yanayotolewa ni mawili: ama sehemu iliyotafsiriwa ilipotea, ama mafunjo yalikuwa kichocheo tu cha ufunuo, wala si chanzo cha maneno. Jibu la pili hubadili maana ya neno "kutafsiri". Katika Kiswahili, kama katika lugha nyingine, kutafsiri ni kutoa maana ya maneno yaliyopo. Kupokea maneno yasiyokuwamo katika maandishi huitwa kufunuliwa. Watetezi hushika hapo, na wana haki ya kuuliza ni lini neno hilo lilibadilika maana.

Hoja nyingine ya historia inamgusa Mwafrika moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1852, chini ya Brigham Young, watu weusi walizuiwa kupewa ukuhani, ingawa Joseph Smith alipokuwa hai Elijah Abel, mtu mweusi, alikuwa amewekwa wakfu mwaka 1836. Katazo hilo liliondolewa Juni 1978, na mwaka 2013 kanisa lilitoa maelezo ya kuyakana mafundisho yaliyokuwa yakilihalalisha. Zaire, basi, ilifunguliwa kwa kazi rasmi ya kanisa hilo miaka minane tu baada ya mlango wa ukuhani kufunguliwa.

Majibu ya Waafrika wanaoliamini kanisa hilo si ya namna moja. Wapo wanaosema kosa lilikuwa la wanadamu, na Mungu alilisahihisha. Wapo wanaotaja 2 Nefi 26:33, aya inayosema Mungu hawabagui weusi na weupe. Na wapo wanaorudisha swali kwa muulizaji: Je, makanisa mengine yana mikono safi? Kanisa la Kidachi la Afrika Kusini lilitetea ubaguzi wa rangi kwa Biblia, hata Muungano wa Makanisa ya Reformed ulimwenguni ulipoutangaza utetezi huo kuwa uzushi mwaka 1982. Jibu hilo ni la haki, lakini halimalizi jambo. Mtetezi huweza kusema kwamba kanisa lisilodai kuongozwa na nabii aliye hai laweza kukosea kwa miaka mia bila kuvunja dai lake. Kanisa linalodai hivyo linadaiwa zaidi. Hapo ndipo hoja hii ina uzito wake wa kweli, wala si katika aibu peke yake.

6. Hoja za maisha, na majibu ya wasikilizaji

Mara nyingi msikilizaji hatikiswi na mafunjo wala na Nikea. Huguswa na mambo yaliyo karibu naye.

La kwanza ni wafu. Watakatifu wa Siku za Mwisho hubatiza walio hai kwa niaba ya waliokufa, wakitaja 1 Wakorintho 15:29. Mtetezi wa kiprotestanti hujibu kwamba Paulo anaitaja desturi hiyo bila kuiamuru, na kwamba baada ya kufa ni hukumu (Waebrania 9:27). Kwa elimu ya maandiko jibu hilo lina nguvu. Lakini Ituri, nchi ambayo tangu mwaka 1999 imezika watu wengi na wengine haikupata hata kuwazika, swali la wafu haliulizwi kwa ajili ya mashindano. Anayeuliza habari za babu aliyekufa kabla ya misheni kufika, au za mtoto aliyepotea katika kukimbia, anahitaji jibu. Fundisho la ubatizo kwa ajili ya wafu humpa jibu, hata kama si sahihi. Mkatoliki ana misa ya kuwaombea marehemu. Mprotestanti anayekanusha bila kusema lolote kuhusu rehema ya Mungu kwa waliokufa hushinda aya na kumpoteza mtu. Kwa upande mwingine, wapo wanaolikataa fundisho hilo kwa sababu isiyo ya Biblia kabisa: huona linafanana na mambo ya mizimu waliyofundishwa na wazazi wao kuyaacha.

La pili ni chakula na kinywaji. Neno la Hekima, ufunuo wa mwaka 1833, limefasiriwa kuwa linakataza pombe, tumbaku, kahawa na chai. Mtetezi hutaja Wakolosai 2:16. Lakini katika eneo linalolima kahawa, na katika lugha ambayo "kunywa chai" ni kula chakula cha asubuhi, kukataa kikombe huonekana kwanza kuwa kumkataa mwenyeji. Muumini mwenye busara hueleza mapema na kuomba uji. Asiyeeleza huacha jeraha ambalo hakuna aya itakayoliponya.

La tatu ni ubatizo wenyewe. Mwaka 2001 Roma iliamua kwamba ubatizo wa kanisa hilo si halali, ingawa maneno yanayotamkwa yanafanana, kwa sababu maana ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu si ile ile. Nalo kanisa hilo halitambui ubatizo wa wengine. Hivyo anayevuka upande wowote hubatizwa kana kwamba hakuwahi kubatizwa. Kwa familia hili si jambo dogo: huamua nani atasimamia ndoa, na kwaya ipi itaimba siku ya maziko.

7. Ushahidi na ushuhuda

Baada ya hoja zote, muumini wa kanisa hilo mara nyingi hujibu kwamba alisali, kama Moroni 10:4 inavyoagiza, na akapewa kujua. Mtetezi hujibu kwamba moyo hudanganya (Yeremia 17:9). Hapo mazungumzo husimama, na sababu yake inaonekana katika Kiswahili chenyewe. Kutokana na shina moja la Kiarabu, lugha yetu ina "ushahidi" na "ushuhuda". Ushahidi hutolewa mbele ya hakimu, na mwingine aweza kuukagua. Ushuhuda, katika matumizi ya makanisa, hutolewa mbele ya waumini, na anayeusikia huupokea au huuacha. Kitabu cha Mormoni cha Kiswahili hujiita katika jina lake "ushuhuda mwingine". Mtetezi anayedai ushahidi na muumini anayetoa ushuhuda hawapingani. Wanazungumza mambo mawili.

Lakini mtetezi wa kiinjili naye, Jumapili, husimama kanisani akatoa ushuhuda jinsi alivyookoka, wala hakuna anayemdai hati. Akiudharau ushuhuda wa mwenzake kwa kuwa ni ushuhuda tu, ameudharau na wake. Njia ya haki ni kukubali kwamba pande zote mbili zina ushuhuda, kisha kuuliza ni kwa ushahidi gani unapimwa.

Huko Marekani jambo hili lilitambuliwa na wenyewe. Mwaka 1998 wanazuoni wawili wa kiinjili, Carl Mosser na Paul Owen, waliandika kwamba wenzao walikuwa wakishindwa kwa sababu hawasomi kazi za wanazuoni wa upande wa pili. Mwaka 2004 Richard Mouw, aliyekuwa mkuu wa Seminari ya Fuller, aliomba radhi hadharani huko Salt Lake City kwa kuwa wainjili walikuwa wamewasingizia majirani zao. Baadhi ya wainjili walimlaumu vikali. Hata hivyo hakuacha kuamini kwamba tofauti za mafundisho ni kubwa; alichokikana ni ushuhuda wa uongo.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba hoja hizi hazina nguvu sawa. Aya ya Ufunuo ni dhaifu. Swali la Mungu mmoja na lile la Kitabu cha Ibrahimu ni mazito. Imeonekana pia kwamba majibu hayana nguvu sawa, na kwamba baadhi ya magomvi ni ya maneno kabla hayajawa ya imani.

Kwa walimu na wanafunzi wanaoyashughulikia mambo haya kwa Kiswahili inapendekezwa yafuatayo. Kwanza, maneno "nafsi", "umoja", "kiumbe", "kutafsiri" na "urejesho" yafafanuliwe kabla ya aya kufunguliwa. Pili, kila upande uelezwe kwa namna ambayo wenyewe wangeikubali kuwa ni yao. Tatu, anayejibu amwangalie anayeuliza, ajue kama ameulizwa habari za mafunjo ya Misri au habari za marehemu wa nyumba ile. Maswali hayo mawili yote yanastahili jibu, lakini jibu la la kwanza halimtoshi aliyeuliza la pili.